Uzi: Darubini, kaharabu, zebaki: maneno ya nyota na sayansi yaliyotoka Kiajemi, tuyachambue moja moja

#1 Kilimia (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu.

Nafungua uzi huu kwa sababu asili ya maneno yetu ya sayansi inaelezwa ovyo. Kuna wanaosema kila neno la falaki tulilo nalo ni Kiarabu, yakaishia hapo. Na kuna wanaokuta neno lenye sauti ya kigeni wakalibandika "Kiajemi" bila kulipima. Makosa yote mawili yanaumiza, maana anayetaka kuunda istilahi mpya za Kiswahili anahitaji kujua za zamani ziliundwaje.

Nianze na neno rahisi kuliko yote: darubini. Kwa Kiajemi ni *durbin*. Likate katikati. *Dur* ni mbali. *Bin* ni shina la wakati uliopo la kitenzi *didan*, kuona. Basi *durbin* ni kitu kionacho mbali. Hivi ndivyo Kiajemi kinavyounda majina ya vyombo: jina au kivumishi mbele, shina la kitenzi nyuma, bila kuongeza kitu mwishoni. Ukishaujua mtindo huo utafungua maneno mengi. *Rizbin* (*riz*, kidogo sana) ni hadubini. *Zarrebin* (*zarre*, chembe) ni kioo cha kukuzia. *Pishbini* (*pish*, mbele, na *-i* ya kuunda jina la tendo) ni utabiri, hata wa hali ya hewa.

Hadubini yetu yenyewe inalingana na jina la zamani zaidi la chombo hicho, *khordbin*, ambalo Kiurdu bado kinalitumia. *Khord* ni kidogo. Sauti *kh* kuwa *h* ni kawaida yetu, kama *khabar* ilivyotupa habari.

Neno *durbin* limesambaa bahari nzima: Kihindi wanalo, Kibengali wanalo, Kituruki wanasema *dürbün*, na Waarabu wa Ghuba wanasema *darbil*. Angalieni hiyo *a* ya silabi ya kwanza ya *darbil*, kisha angalieni *darubini*. Kwa maoni yangu hiyo ni alama kwamba neno lilipita Ghuba kabla ya kutua kwetu.

Tahadhari moja ya vitendo. Ukiwa Iran leo ukaomba *durbin*, utaletewa kamera. Darubini ya nyota wanaiita *teleskop*, na ile ya macho mawili ni *durbin-e do-cheshmi*.

#2 Mtande

Shukrani mkuu Kilimia. Mimi naongeza maneno mawili ambayo watu hawajui kama ni ndugu: kaharabu na *kahkashan*.

*Kah* kwa Kiajemi ni majani makavu ya ngano au shayiri, yaani makapi yanayobaki baada ya kupura. *Kahroba* ni *kah* pamoja na *roba*, shina la kitenzi cha kunyakua. Kinachonyakua makapi. Ndiyo ile kaharabu, utomvu mgumu wa miti ya kale unaotengenezwa shanga na tasbihi. Ukisugua kipande cha kaharabu kwa kitambaa cha sufu kikavu, kisha ukakisogeza karibu na vipande vyepesi vya majani makavu, vinaruka na kukigandia. (Penye unyevunyevu mwingi jaribio linafeli, kwa sababu chaji inavuja haraka. Tumia chumba kikavu, na majani yawe madogo kama nusu ya ukucha.) Sumaku nayo wakaiita kwa mtindo huohuo: *ahanroba*, mnyakuachuma.

Sasa tazameni lilivyosafiri. Waarabu walilichukua *kahroba*, na leo *kahraba* kwao ndiyo umeme. Wagiriki wa kale waliiita kaharabu *elektron*, na lugha za Ulaya zikatoa humo jina lao la umeme. Kwa hiyo Kiarabu na lugha za Ulaya zimepita njia moja, kutoka kaharabu hadi umeme. Lakini Waajemi wenyewe, wenye neno, hawakulitumia! Wao umeme wanauita *barq*, neno la Kiarabu lenye maana ya radi inayomulika. Na sisi tunasema umeme, uleule unaomulika mawinguni. Kiswahili na Kiajemi vimekutana hapo bila kuazimana.

*Kahkashan* ni *kah* na shina la *kashidan*, kuvuta au kukokota. Wakokota makapi. Ndilo jina la kale la Njia Nyeupe ya angani, kana kwamba mtu amepita na mzigo wa makapi ukawa unapukutika njia nzima. Waarabu wana *darb at-tabbana*, njia ya wachukuzi wa makapi, na Waturuki wana *Samanyolu*, njia ya makapi. Siku hizi wanafalaki wa Iran wameligawa jambo: *kahkashan* ni galaksi yoyote ile, na hii galaksi yetu ni *Rah-e Shiri*, Njia ya Maziwa.

#3 Swali_Moja

Naomba kuelewa wakuu. Falaki, sayari, nujumu na buruji zote zimo kwenye kamusi za Kiajemi. Kwa nini tusiseme nazo ni za Kiajemi?

#4 Kilimia

Swali zuri, na ndipo wengi wanapoteleza. Kiajemi kimejaa maneno ya Kiarabu kama Kiswahili. Neno kuwamo kwenye kamusi ya Kiajemi hakulifanyi kuwa la Kiajemi.

Kipimo cha kwanza ni mzizi. Maneno ya Kiarabu kwa kawaida yana konsonanti tatu zenye ndugu wengi. *Sayari* ina s-y-r, kwenda. *Nujumu* ina n-j-m, nyota. Ukiona neno lina familia pana namna hiyo, ni la Kiarabu. Kipimo cha pili ni mkato: je, linakatika vipande viwili vyenye maana hai kwa Kiajemi, kama *dur* na *bin*? Kipimo cha tatu ni kutafuta umbo lake kwenye Kiajemi cha Kati, kile cha enzi za Wasasani kabla ya Uislamu. Ukilikuta huko limeshakomaa, basi Waarabu ndio waliolichukua.

Ila buruji ni mtego. *Burj* ina sura ya mzizi wa Kiarabu, lakini asili yake ni Kigiriki, neno la mnara.

Na sayari ina jambo la kupendeza. Kiarabu cha leo *sayyara* ni gari, na sayari wanaiita *kawkab*. Kiajemi *sayyare* imebaki sayari ya angani. Hapo Kiswahili na Kiajemi ndivyo vilivyohifadhi maana ya wanafalaki wa kale.

Kinyume chake ni takwimu. Kwa Kiajemi *taqvim* ni kalenda. Ukiwapelekea "takwimu" watakuletea karatasi ya miezi. Hesabu za idadi wanaziita *amar*.

#5 BikariNaRula

Kipimo cha tatu cha Kilimia ndicho chenye nguvu zaidi, na nina mifano ambayo tunaitumia kila siku.

Mhandisi, uhandisi. Tumezipata kwa Kiarabu *muhandis*, kutoka *handasa*, jiometria. Lakini h-n-d-s haina familia ya kale kwa Kiarabu. Limetoka Kiajemi cha Kati *handazag*, kipimo, ambalo leo Waajemi wanalitamka *andaze*. Ona kilichotokea: Kiajemi kilipoteza *h* ya mwanzo na *g* ya mwisho, Kiarabu kikabaki na ile *h*. Maana yake Waarabu walilichukua mapema, kabla Waajemi hawajaipoteza. Mhandisi, kwa asili, ni mpimaji.

Zebaki. Kiarabu *zi'baq*, kutoka Kiajemi cha Kati *zhiwag*, chenye uhai, kwa jinsi metali hiyo inavyokimbiakimbia ukiimwaga. Kiajemi cha leo ni *jive*. Kile *-q* cha Kiarabu ni masalia ya *-g* ya zamani. Mara nyingi *-g* hiyo huwa *-j* kwa Kiarabu: *barname* ya Kiajemi (ratiba, programu) kwa Kiarabu ni *barnamaj*, na *namune* (sampuli) ni *namudhaj*. Ukikuta neno la Kiarabu linaishia *-aj*, na la Kiajemi linafanana nalo ila linaishia *-e*, dau lako liweke kwa Kiajemi.

Bikari ya kuchorea duara. Kiajemi *pargar*. Kiarabu hakina *p*, ndiyo sababu tumeipata ikiwa na *b*.

Na lile ambalo kila mwanafalaki wa zama za kati alilitumia: *zij*, kitabu cha majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari. Limetoka Kiajemi cha Kati *zig*, kamba au uzi. Mistari ya jedwali iliyosimama sambamba ilifananishwa na nyuzi za mtande kwenye kitanda cha mfumi. Mwaka 1259 Nasir al-Din al-Tusi alianzisha kituo cha kutazamia nyota Maragha, na kazi kubwa iliyotoka pale ilikuwa zij. Samarkand, karne ya 15, Ulugh Beg alitoa zij yenye orodha ya nyota 1,018. Kituo chenyewe wanakiita *rasadkhane*: *rasad* ni Kiarabu, kutazamia, na *khane* ni Kiajemi, nyumba. Hiyo *khane* sisi tunayo kwenye karakana, *kar-khane*, nyumba ya kazi.

#6 Mtande

Umegonga penyewe mkuu. Nileteni na sayari zenyewe, maana hapa majina yetu na yao yameachana kabisa. Sisi tumechukua ya Kiarabu. Waajemi wanayajua hayo ya Kiarabu, lakini wana na yao:

Utaridi – *Tir*
Zuhura – *Nahid*, kutoka Anahita, mungu wa kike wa maji
Mirihi – *Bahram*, mungu wa ushindi
Mshtarii – *Hormoz*, ambalo ni Ahura Mazda lililofupishwa
Zohali – *Keyvan*

*Keyvan* si la Kiajemi kwa asili. Ni la Babeli, *kayamanu*, lenye kutulia, kwa sababu Zohali ndiyo sayari iendayo polepole kuliko zote tano zinazoonekana kwa macho: miaka 29 na nusu hivi kuzunguka jua.

Tahadhari kwa walimu. Ukikuta chapisho la Kiswahili linaloita sayari fulani "Sarateni" au "Kausi", ujue pamechanganywa. Saratani (kaa) na Kausi (upinde) ni buruji, makundi ya nyota, si sayari. Hata Afghanistan, ambako Kidari (Kiajemi cha huko) hutumia majina ya buruji kwa miezi ya mwaka, Hamal hadi Hut, Saratan ni mwezi wa nne na Qaws ni mwezi wa tisa. Ya sayari yanabaki kwenye sayari. Zohali ni ile yenye pete, basi.

#7 HesabuZaNairuzi

Hamjagusa nairuzi, siku ya mwaka mpya, na hapo ndipo Uajemi umekaa kwenye mwaka wetu wenyewe.

*Now* ni mpya, *ruz* ni siku. Iran leo Nowruz ni tarehe 20 au 21 Machi, jua linapovuka ikweta. Kanuni yao: jua likivuka kabla ya adhuhuri kwa saa za Tehran, siku hiyo ndiyo 1 Farvardin. Likivuka baada ya adhuhuri, ni siku inayofuata. Kalenda hii iliwekwa kisheria mwaka 1925. Mzizi wake ni marekebisho ya mwaka 1079, zama za Sultani Malik Shah, yaliyofanywa na wanafalaki akiwamo Omar Khayyam.

Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa ni Julai. Watu huuliza: kama ni nairuzi ileile, mbona zimepishana miezi minne? Wengine hukimbilia kusema Waswahili walipoteza hesabu. Si kweli. Hesabu ya kale ni tofauti, na inaweza kukaguliwa kwa kalamu.

Mwaka wa kale wa Kiajemi ulikuwa miezi 12 ya siku 30, jumla 360, na siku 5 za kujazia. Siku 365 kamili, bila mwaka mrefu. Mwaka wa jua una siku 365.2422. Kwa hiyo kila miaka minne nairuzi ya namna hii hurudi nyuma siku moja.

Anzeni na mwaka wa Yazdgerd, mfalme wa mwisho wa Wasasani: 16 Juni 632 kwa kalenda ya Juliasi, ile ya zamani ya Kirumi. Zidisheni 1,392 kwa 365, mnapata siku 508,080. Zihesabuni kuanzia tarehe ile, mtaangukia 17 Julai 2023 kwa kalenda yetu ya leo. Mwaka 2024, wenye 29 Februari, ikarudi 16 Julai, na itabaki hapo hadi 2027. Mwaka 2028 itakuwa 15 Julai. Nairuzi hiyo imetoka Juni, imerudi nyuma miezi yote, ikakaribia kukamilisha duara. Waparsi wa India (wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi) wanaofuata hesabu ya Kadmi wana mwaka mpya tarehe hizohizo za katikati ya Julai.

Kosa linalofanyika mara nyingi: mtu anaanza na 16 Juni akasahau kwamba ni Juliasi. Atapishana siku 3 mwanzoni mwa hesabu, maana kwa hesabu ya Gregori, yaani kalenda yetu ya leo, siku hiyo ni 19 Juni.

Kwa nini mabaharia waliipenda? Kwa sababu mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, haufai kupangia misimu ya pepo. Nairuzi inateleza siku 10 tu kwa miaka 40. Ahmad ibn Majid, nahodha mkubwa wa karne ya 15, alitoa nyakati za kung'oa nanga kwa siku za nairuzi: siku ya kadhaa tangu nairuzi. Pwani yetu ikahesabu kwa miongo, kumi kumi: miongo 36 ni siku 360, na tano za mwisho.

#8 Swali_Moja

Nimeelewa, ahsante sana. Je, maneno mapya ya falaki Waajemi wanayaundaje? Yale ambayo wazee hawakuyajua.

#9 Kilimia

Wana chombo cha lugha, Farhangestan, cha kwanza kiliundwa mwaka 1935. Kwa falaki walifanya uamuzi mmoja wa busara. Kiajemi kina maneno mawili ya nyota, *setare* na *akhtar*. La kwanza ni la mazungumzo, la pili ni la ushairi. Wakalichukua *akhtar* liwe tofali la istilahi:

*akhtarfizik*, fizikia ya nyota. *Nowakhtar*, nyota mpya, ile inayong'aa ghafla. *Abarnowakhtar*, ambapo *abar* ni juu zaidi: ule mlipuko mkubwa wa nyota inayokufa, supanova. *Tapakhtar*, kutoka *tapidan*, kudunda kama moyo: pulsa, masalia ya nyota yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio. *Akhtarvash*, mfano wa nyota: kwasa, ambayo kwenye picha inaonekana nukta kama nyota kumbe ni kiini cha galaksi.

Nje ya *akhtar* kuna *siyahchale*, shimo jeusi. *Mahvare* (*mah*, mwezi, na *-vare*, mfano wa) ni setilaiti. *Sayyarak* ni sayari ndogo, kwa kuongeza *-ak* ya udogo. *Shahabsang* ni jiwe la kimondo. *Setare-ye donbaledar* ni nyota yenye mkia, na sisi tunayo nyotamkia, fikra ileile. Kupatwa kwa jua ni *khorshidgereftegi*, kutoka *gereftan*, kukamata. Jua limekamatwa kwao, limepatwa kwetu.

Kwa wanaounda istilahi za Kiswahili, msinakili mpangilio wao. Kiajemi hapa kinaweka neno kuu nyuma: *tap-akhtar*, dunda-nyota. Kiswahili kinaliweka mbele: nyotamkia, mwanaanga. "Dundanyota" ingesikika kama jina la mtu anayezidunda nyota. Nyotamdundo inakaa sawa, inachukua ngeli ya nyota, na wingi wake haubadiliki. Hilo ni pendekezo langu na nipo tayari kulitetea.

#10 BikariNaRula

Kwa wanaotaka kukagua wenyewe kwenye maandishi ya Kiajemi, jihadharini na irabu fupi, haziandikwi. دور husomeka *dur*, mbali, au *dowr*, mzunguko, ambalo ni Kiarabu. Ukisoma la pili kwenye دوربین utapata "kionamzunguko", upuuzi. خرد husomeka *khord*, kidogo, au *kherad*, hekima. مهر husomeka *mehr*, jua au upendo, au *mohr*, ambalo ndilo lililotupa muhuri. Na شیر, *shir*, ni maziwa na pia ni simba, kwa hiyo *Rah-e Shiri* si njia ya simba. Njia ya kujiokoa ni kusaka mfano wa neno ndani ya sentensi, msiliamini neno likiwa peke yake kwenye orodha.

Na jambo la pili: asili ya neno si ushahidi wa asili ya watu. *Bandari* na *nahodha* ni Kiajemi, lakini maneno ya namna hii yalibebwa na Waarabu wa Ghuba na Wahindi pia.

#11 HesabuZaNairuzi

Nimalizie dira. Mabaharia waliigawa pande 32, kila upande digrii 11 na robo, na kila mmoja wakauita *khann*, kutoka *khane* ileile ya karakana. Majina ya pande ni nyota: zinapochomoza ni *matlai*, neno ambalo Kiswahili kinalo. Kaskazini ni Jaa, nyota ya ncha, kutoka Kiajemi *gah*, mahali. Ni *gah* hiyohiyo iliyomo kwenye *daneshgah*, chuo kikuu.

Urefu wa Jaa juu ya upeo ulipimwa kwa vidole. Duara zima ni vidole 224, kwa hiyo kidole ni digrii 1 na dakika 36 hivi, na kila *khann* ni vidole 7. Zama za Ibn Majid Jaa ilikuwa mbali na ncha halisi kwa takriban digrii 3 na nusu, si chini ya digrii 1 kama leo. Asiyesahihisha alikosea hadi vidole viwili, juu au chini, kulingana na saa ya usiku. Na ukishuka Mombasa, digrii 4 kusini mwa ikweta, Jaa haipo tena, imezama. Hapo walihamia kwa Farkadi, zile nyota mbili za Dubu Mdogo, ambazo zikifika kileleni mwake zilikuwa bado digrii 10 hadi 12 hivi juu ya maji.